Mbavu za Mwavuli

Nilikwenda Kisugu, Kampala, kumzika Mama Jamila nikakuta ameshazikwa. Waislamu hawamlazi maiti, na basi langu lilikuwa limechelewa mpakani Busia kwa sababu ya lori lililopinduka njiani. Nikakaa matangani na wanawake wengine katika chumba cha mbele cha nyumba ya Jamila, juu ya mikeka iliyotandikwa ukuta hadi ukuta, tukiletewa chai ya rangi yenye tangawizi na sahani za pilau ambazo hakuna aliyeonekana kuzila lakini zilirudi jikoni tupu. Karibu yangu walikaa wasichana wawili wa ukoo. Mmoja alikuwa akimweleza mwenzake habari za marehemu. "Bibi huyu," alisema, "zamani aliwatilia sumu maafisa wa jeshi kwenye mishikaki. Ndiyo maana walimtupa Moroto." Wakacheka kidogo, kwa adabu, wakiziba midomo kwa shela. Jamila aliyasikia maneno hayo akanitazama. Mwaka ule yeye alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo hakuwa na la kusema. Mimi nilikuwa nalo na sikulisema, kwa kuwa matanga si mahali pa kusahihishana. Nilipofika nyumbani niliona afadhali niliandike.

Ilikuwa katikati ya miaka ya utawala wa jeshi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimetoka kuolewa. Mume wangu, Okot, alikuwa konstebo wa trafiki, na tulipewa chumba kimoja katika laini za polisi, safu za nyumba za askari, mahali ambapo mtu aliweza kushuka Kisugu kwa miguu bila kuchoka. Chumba kilikuwa na dirisha moja, sakafu ya saruji nyekundu niliyoipiga deki kila asubuhi kwa kukosa kazi nyingine, na ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani yangu nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Nilimsikia akisali, akimbembeleza mtoto, akitwanga kitunguu saumu. Harufu ya mapishi yake ilipita juu ya ukuta, pale ambapo mabati hayakukutana vizuri na matofali, ikatua kitandani kwetu. Mimi wakati huo nilikuwa nikipika maharage, na kesho yake maharage yaliyobaki. Baada ya siku chache jirani aligonga ukuta, si mlango, akasema, "Bibi Arusi! Wewe nakula nini huko ndani? Mimi nasikia kimya tu."

Ndivyo tulivyojuana, na jina hilo la Bibi Arusi hakuliacha hata nilipozoea. Alikuwa Mnubi, mke wa Sajini Rajabu, mwanamke mrefu mwenye viganja vipana, aliyezaliwa Bombo katika watu ambao babu zao waliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudan. Siku hizo Wanubi walihesabiwa kuwa watu wa serikali. Mimi ni Mwacholi, na siku hizo Waacholi walihesabiwa kuwa watu wa serikali iliyopinduliwa. Wanaume wa kwetu waliokuwa jeshini waliitwa ofisini na hawakurudi. Okot aliniambia habari hiyo mara moja tu, siku niliyowasili, akamaliza kwa kusema tusiizungumze, na hatukuizungumza. Kwa hiyo nilipojua kwamba jirani yangu ni Mnubi ilinipasa niogope. Nikiangalia nyuma, naona kwamba sikuogopa kwa sababu nilikuwa na njaa. Nilikwenda kwake na bakuli langu la maharage, akalitia kitunguu kilichokaangwa na pilipili, tukala pamoja mkekani, na alipokuwa akiosha mikono aliniuliza kama najua kukata nyama.

Mishahara ya waume zetu haikununua kitu. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya kujuana na watu, na chumvi tuliipima kwa vidole. Nyama ilikuwepo, maana ng'ombe hawakutoka kiwandani. Mama Jamila alikuwa na sigiri kubwa iliyokatwa kutoka kwenye pipa, nayo aliiweka nje ya geti la laini kila alasiri, akichoma mishikaki kwa ajili ya polisi waliotoka zamu na wapita njia. Nilianza kwa kumkatia nyama, nikaendelea kwa kuchoma, na kabla ya mvua za kwanza watu walikuwa wakisema sigiri ile ni ya wanawake wawili. Yeye alileta nyama ya halali kutoka kwa mchinjaji aliyemwamini, tangawizi, na papai bichi la kulainishia. Mimi nilileta ukwaju, ambao kwetu kaskazini unaokotwa chini ya miti, na mjomba wangu dereva wa lori alikuwa akiniletea mfuko kila alipopita. Ukwaju na ndimu pamoja viliifanya nyama yetu iwe na ukali ambao wengine hawakuwa nao. Wateja walisema inawafanya waendelee kula hata wakiwa wameshiba.

Shida ilikuwa vitu vya kuchomea. Mwanzoni nilichonga vijiti vya mti wa ua uliokuwa nyuma ya laini. Mama Jamila alichukua kimoja, akakivunja, akaona utomvu mweupe, akavitupa vyote motoni. "Mti yenye maziwa," alisema, "hapana weka kwa nyama." Tukajaribu mwanzi uliopasuliwa, ambao ni lazima ulowekwe majini tangu asubuhi, la sivyo unashika moto kabla nyama haijabadilika rangi. Ulifaa, lakini kila kijiti kilitupwa na mteja, na kupasua mwanzi kila siku kulinikata vidole hata nikashindwa kushika pilipili. Kisha tukapata spoku za baiskeli kutoka kwa fundi mmoja wa Kisugu. Spoku ni imara na zinaingia kwenye nyama kama sindano, ila ni za mviringo na nyembamba. Ukizigeuza, chuma kinageuka na nyama inabaki palepale, upande mmoja mkaa na upande mwingine mbichi. "Inazunguka kama mlevi," alisema Mama Jamila. Mimi nilifikiria kutia spoku mbili sambamba katika kila mshikaki, na kweli nyama ilitulia, lakini sasa tulihitaji spoku maradufu, na baiskeli za Kampala hazikuwa nyingi mwaka ule.

Mwavuli wa Sajini Rajabu ndio uliotuokoa. Upepo uliugeuza ndani nje siku moja akiwa lindoni, akarudi nao mkononi kama kuku aliyekufa, akautupa mlangoni. Mama Jamila aliuchana kitambaa akakishona kifuniko cha mtoto cha kuzuia mvua, kisha akakaa akizitazama zile mbavu. Ubavu wa mwavuli una mfereji, kama bomba la kukinga maji lililokatwa katikati, na mfereji huo huishika nyama isizunguke. Ni mrefu wa kutosha mtu kuushika bila kuungua, na ncha yake ukiisugua kwenye jiwe inachoma vizuri. Tangu siku hiyo kila mwavuli uliokufa katika laini zile ulikuja kwetu. Tulizitia mbavu kwenye moto mkali mpaka rangi yote iungue, tukazisugua kwa mchanga na jivu, tukazioka tena, tukazipaka mafuta. Mama Jamila hakuruhusu chuma kipya kipite bila hayo. Nyama tuliiacha kwenye beseni la udongo pamoja na viungo vyake, na tuliitunga kwenye mbavu pale tu moto ulipokuwa tayari. Nakumbuka jioni zile kuliko ninavyoikumbuka arusi yangu: mkaa ukiwa umefunikwa na majivu mepesi, mafuta yakidondoka, polisi wamekaa kwenye magogo wakizungumza mambo yasiyo na hatari. Bei ya viatu. Mpira. Mke wa nani amejifungua. Mtu akikaribia jambo jingine, Mama Jamila alimpa mshikaki mwingine mdomoni kabla hajamaliza sentensi.

Sifa zilifika mbali kuliko tulivyotaka. Ijumaa moja alasiri gari la jeshi lilisimama mbele ya sigiri, akashuka koplo mmoja aliyeitwa Drani, mtunza stoo wa kapteni aliyekaa upande wa Luzira, karibu na ziwa. Alikuwa kijana mpole mwenye sauti ndogo isiyolingana na buti zake. Alisema kapteni atakuwa na wageni kesho mchana, maafisa wenzake, na anataka mishikaki ya wanawake wa getini. Hakuuliza kama tunaweza. Gari lilikuwa limebeba mbuzi wawili waliokwisha chinjwa na, juu yao, mzingo wa waya mpya wa seng'enge isiyo na miiba, unaong'aa kama fedha. Drani alikuwa ameshakata vipande na kuvinoa kwa tupa. Alikuwa ameifanya kazi hiyo vizuri, na nadhani alijivunia.

Mama Jamila alichukua kipande kimoja, akakipinda, akakinyoosha. "Hii lazima kwanza ipite moto," alisema.

"Hapana, mama," alijibu Drani. "Ikila moto itakuwa nyeusi. Afande anataka ing'ae. Anataka wageni waone."

"Na nyama tutaweka lini?"

"Leo. Afande nasema asubuhi anataka kukuta imepangwa kwa sinia, yote, aangalie mwenyewe."

Mama Jamila alirudisha kile kipande kwenye gari na kusema sawa. Watu wa siku hizi huniuliza kwa nini hatukukataa mambo fulani, na mimi huwajibu kwamba neno hilo halikuwepo katika Kiswahili tulichotumia na wanajeshi. Tulipanda gari, tukapelekwa Luzira.

Nyumba ilikuwa ya Mhindi aliyeondoka pamoja na wenzake miaka michache nyuma. Kapteni alikuwa amepewa ikiwa na vitu vyake vyote. Ukutani mlikuwa na alama za mraba, nyeupe kuliko ukuta wenyewe, pale picha zilipotundikwa, na jikoni kulikuwa na makopo yaliyoandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, kwa hiyo mpishi wa kapteni alilazimika kufungua kila kopo na kunusa. Tulikata nyama mpaka jua likazama, tukaitia ndimu, ukwaju, papai na tangawizi, tukaitunga mbichi kwenye nyaya na kuipanga katika masinia, tukaifunika kwa majani ya mgomba. Tulilala jikoni. Asubuhi kapteni aliingia, akiwa amevaa shati la maua, akafunua jani moja, akatazama safu za nyama na ncha za fedha zilizotokeza, akafurahi. Alikuwa mtu mnene mwenye meno mazuri. Nyaya hazikutosha. Nyama iliyobaki ndani ya beseni, ambayo ilikuwa ni ya madereva na walinzi wa wageni, tuliitunga na kuichoma asubuhi hiyo kwenye mbavu zetu za mwavuli ambazo Mama Jamila alikuwa amezifunga katika kanga akaja nazo. Alikuwa hawezi kwenda mahali bila mbavu zake.

Maafisa walikula bustanini chini ya turubai, wakatazama ziwa, wakasifu. Mmoja alisema nyama ina ladha ya sarafu, mwenzake akamwambia hiyo ni ladha ya pesa, wakacheka. Gramafoni ya Mhindi ilikuwa ikipiga. Nilikuwa bado nachoma, sinia la mwisho likiwa bado bichi kando yangu, nilipomwona meja mmoja akiinuka na kwenda nyuma ya maua kwa haraka isiyomfaa meja. Wa pili hakufika kwenye maua. Baada ya hapo bustani nzima ilikuwa watu wameinama, wameshika magoti, wanatapika, wengine wakishika matumbo na kuita madereva wao. Kapteni alitapika juu ya shati la maua. Na madereva, waliokuwa wameketi kwenye kivuli cha magari yao, walisimama wazima kabisa, mishikaki mikononi, wakishangaa wakubwa wao.

Hilo la madereva ndilo lililokuwa baya. Kapteni alipopata nguvu ya kusimama aliamuru tuletwe barazani. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alisema kwa sauti ya chini, na ingekuwa afadhali kama angepiga kelele.

"Afisa wote nagonjwa. Dereva hata mmoja hapana. Nyinyi nachagua nani afe?"

Mama Jamila alisema nyama ilikuwa moja, beseni moja. Kapteni hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Wewe kabila gani?"

Nikasema. Nakumbuka gramafoni ilikuwa imefika mwisho wa sahani na ilikuwa ikikwaruza, na hakuna aliyekwenda kuizima. Kapteni alimwambia Mama Jamila arudi kwa mume wake, gari litampeleka, na mimi nitiwe stoo mpaka watu wake wa kazi hiyo wafike kutoka mjini. Nilijua watu wa kazi hiyo ni akina nani. Kila mtu Kampala alijua; aliyechukuliwa nao hakurudi. Drani ndiye aliyepewa ufunguo. Alinifungia bila kuniangalia, kufuli likigonga mlango mara kadhaa kabla halijaingia.

Stoo ilikuwa na magunia ya mahindi na dirisha dogo lenye nondo lililotazama shimo la takataka nyuma ya jikoni. Ningependa kusema niliomba Mungu au nilimfikiria mume wangu. Nilisimama dirishani tu, nikitazama. Mpishi alikuja akamwaga sinia la nyaya zilizokwisha kutumika shimoni, zikaanguka juu ya majani ya mgomba, na jua lilikuwa kali. Nikaona kwamba hazikuwa sawa na jana. Ncha zilikuwa bado zinang'aa. Lakini katikati, pale nyama ilipolala usiku kucha, waya ulikuwa umefifia, una vumbi jeupe na mabaka meusi, kana kwamba kitu kimeulamba. Kwanza nilitazama hilo bila kuwaza. Kisha nikamkumbuka yule afisa na ladha yake ya sarafu. Kisha nikawakumbuka madereva na mbavu za mwavuli. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikifanya kazi katika maabara ya shule huko Kenya, mwalimu wa kemia alinieleza kwamba waya wa aina hiyo hupakwa madini ya kuzuia kutu, na kwamba maji makali ya ndimu na ukwaju huyala na kuyaingiza katika nyama, na tumbo la binadamu huyakataa papo hapo. Alitumia dakika chache na chaki. Siku ile sikuwa na maneno hayo, lakini nilikuwa nayo macho.

Mama Jamila hakuwa amepanda gari. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, na askari aliyeambiwa ampeleke alikuwa amesimama kando yake, hajui amfanye nini mke wa sajini, Mnubi mwenzake, ambaye umri wake ulitosha kuwa dada yake mkubwa. Nikamwita kupitia nondo. "Mama Jamila! Angalia waya. Angalia katikati." Alinyanyuka polepole, akaenda shimoni, akaokota waya mmoja. Aliugusa kwa ulimi. Akatema mate. Akaokota mwingine, akaugusa, akatema tena. Kisha akaingia jikoni, na mambo yaliyofuata niliyasikia kwa masikio zaidi ya kuyaona, kwa sababu baraza lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa stoo.

"Afande," nilimsikia akisema, "sinia moja imebaki mbichi, ya waya. Na ile ya mwavuli imebaki. Mimi nachoma zote mbili hapa mbele yako. Mimi nakula."

"Wewe nakula sumu?"

"Mimi nakula nyama."

Sigiri ililetwa barazani. Nilisikia mkaa ukipulizwa, nikanusa mafuta. Alikula kwanza ile ya mbavu za mwavuli, na kapteni akamlazimisha ale tena, kisha wakangoja. Wakati wa kungoja maafisa waliobaki walizungumza. Mmoja alisema afadhali yule Mwacholi apelekwe tu, mambo ya kupika yatachukua siku nzima. Mwingine akasema ana kiu. Niliwasikia kama mtu anavyosikia wageni wa jirani. Kisha Mama Jamila akala ya waya, akiichomoa kwa meno, mshikaki baada ya mshikaki, na hapakupita muda mrefu nikamsikia akitapika. Alitapika sana. Alitapika kwa sauti, juu ya vigae vya Mhindi, na katikati ya kutapika alikuwa akisema, "Unaona, Afande? Unaona? Ni waya. Waya hapana kuwa na kabila."

Kisha kapteni akauliza swali ambalo mimi, kwa kuokoka kwangu, sikuwa nimelifikiria.

"Nani ameleta waya?"

Drani alikuwa hapo barazani. Nilijua, kwa sababu funguo alizofunga kiunoni zilikuwa zikilia kidogo kila alipopumua, na sasa hazikulia. Wote waliokuwa jikoni siku ile walijua waya umetoka wapi. Kapteni mwenyewe angejua kama angetaka kukumbuka. Ndiye aliyetaka ung'ae. Lakini kapteni ametapika mbele ya wakubwa wake, na lazima mtu alibebe jambo hilo.

"Mimi," alisema Mama Jamila. "Mimi nilipata seng'enge nyuma ya laini, nikaona mzuri. Ni ujinga yangu, Afande."

Kapteni alimpiga kofi. Nililisikia. Kisha akasema kwamba angekuwa mtu mwingine angeona cha moto, na kwamba Sajini Rajabu atafundishwa kumfunga mke wake nyumbani. Akaamuru stoo ifunguliwe. Drani alipofungua mlango alikuwa akilia bila sauti, mdomo wazi, kama mtoto. Nikapita kando yake. Tulitembea mimi na Mama Jamila kutoka Luzira mpaka laini, kwa sababu hakuna aliyesema gari litupeleke, na mara kwa mara alisimama kando ya barabara akatapika tena, nami nikimshika paji la uso. Mbavu za mwavuli tuliziacha kule. Tulipokaribia nyumbani nilimuuliza kwa nini amesema ni yeye.

"Yule kijana wangemchukua leo leo," alisema. "Asingerudi. Mimi watanipeleka mbali, lakini mimi nitarudi." Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Na wewe hapana sema asante. Nitatapika tena."

Uhamisho ulikuja baada ya wiki moja. Sajini Rajabu alipelekwa Moroto, Karamoja, mahali ambapo polisi walipelekwa ili wasahauliwe. Hakumgombeza mke wake. Alifunga masanduku kwa utaratibu wa polisi, kamba kwa kamba, na alipomaliza alikuja kwetu akampa Okot mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama Jamila alipanda lori akiwa na mtoto mgongoni. Aliniambia nisiwape watu nyama yenye mafuta mengi siku za mvua, kwa kuwa mkaa ukilowa mafuta hutoa moshi. Hayo ndiyo aliyosema. Aliishi Moroto miaka kadhaa, akarudi, akakimbia nchi serikali ilipoanguka, akarudi tena, akazeekea Kisugu. Tulionana mara chache maishani, na kila mara alinipikia, na siku ile hatukuizungumza hata mara moja.

Niliendelea na sigiri peke yangu. Nilipata mbavu nyingine. Wateja walikuja, ingawa walikaa kwenye magogo muda mfupi zaidi, na mazungumzo yalikuwa machache. Ukuta wa kushoto sasa ulikuwa wa askari kapera aliyekuwa akikoroma. Ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka, asubuhi, Okot akiwa amevaa sare tayari kwenda zamu, ndipo Koplo Drani alipogonga mlango. Nilidhani atakaa. Alibaki amesimama kizingitini, kofia mkononi, akizungumza na sakafu yangu nyekundu.

"Afande ana wageni Jumamosi," alisema. "Amesema nimlete yule mwanamke wa mishikaki. Nikasema yule Mnubi amehamishwa. Akasema hapana huyo. Yule Mwacholi." Akaizungusha kofia. "Amesema uje peke yako. Bila bwana. Na amesema kwamba yule mama hayupo sasa wa kukusemea."

Okot aliweka chini kikombe cha chai.

"Sasa mimi," Drani aliendelea, bado akiangalia chini, "nilifika hapa leo asubuhi, nikagonga mlango. Nikakuta chumba iko tupu. Majirani wakasema wamehama, hawajui wapi. Hivyo ndivyo nitasema kwa Afande nikirudi. Mimi nitarudi pole pole. Gari inasumbua." Akavaa kofia, akatupigia saluti, sisi, konstebo na mke wake, akaondoka. Sikumwona tena wala sikupata mtu wa kuniambia alifika wapi na maneno hayo.

Hatukubishana. Okot alitoka kwanza, akiwa na sare yake, kama mtu anayekwenda kazini. Tungekutana kwenye basi la Tororo, upande wa mpaka wa Kenya. Mimi nilifagia chumba, kwa sababu sikuweza kukiacha na uchafu, nikatia nguo chache katika kikapu cha sokoni na vitunguu juu yake. Nyama ya siku hiyo ilikuwa tayari kwenye beseni, imekwisha tiwa ukwaju. Niliifunika vizuri. Getini zamu ilikuwa ya konstebo mmoja kijana kutoka Busoga, mteja wetu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti akijipepea na gazeti.

"Bibi Arusi," aliniita, "leo nachoma?"

"Jioni," nikamwambia.

"Niwekee miwili. Yenye mafuta."

Nikamwambia nitamwekea.